Aki na Samaki wa Chumvi kwa Ajili ya Bibi wa Mchumba

Alhamisi jioni, nikiwa nimeketi nasoma, niliarifiwa kwamba mimi ni mpishi hodari wa chakula cha Kijamaika. Aliyeniletea habari hiyo ni mwanangu wa kiume, na mwanzilishi wa habari yenyewe alikuwa yeye.

"Nimemwambia bibi wa mchumba wangu kwamba unapika aki na samaki wa chumvi kila Jumamosi," alisema. "Keshokutwa anakuja kula."

Bibi huyo Mjamaika ndiye aliyemlea mchumba wa mwanangu hapa Toronto tangu utotoni. Binti ameapa kwamba haolewi bila ridhaa ya bibi yake, na bibi haridhii kitu kabla ya kuiona nyumba na kukaa mezani pake. Alipomuuliza mwanangu ni nani apikaye kwetu, ikizingatiwa kwamba tangu mama yake afariki tunaishi wanaume wawili, kijana alibabaika akanitaja mimi.

Kabla ya kuhamia huku nilikuwa hakimu mjini Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika miaka hiyo yote sikupokea ushahidi wa kusikia. Sasa nilikuwa uvumi mimi mwenyewe, na nilitakiwa kuwa kweli ifikapo Jumamosi mchana.

Aki ni tunda. Minofu yake ya manjano, ikishapikwa, hufanana na mayai ya kuvuruga, na huliwa pamoja na samaki mweupe aliyekaushwa kwa chumvi, vitunguu, nyanya na pilipili mbuzi. Huku kwetu, mtaa wa Dixon, huuzwa ndani ya kopo. Ijumaa nilikuwa nikirudi nayo kutoka dukani nilipokutana kwenye lifti na jirani yetu wa ghorofa ya chini, muuguzi, mzaliwa wa Mombasa. Alichungulia mfuko wangu bila kuombwa.

"Mzee, hilo tunda linaua."

"Limemuua nani?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Mzee nawe," alisema, "kwani lazima nikuletee maiti ndiyo uamini?"

Nilipofika ndani nilisoma vitabuni na kuthibitisha kwamba tunda bichi kweli lina sumu, ila likishaiva na kupasuka lenyewe mtini huliwa bila hofu. Nayo matunda ya kopo huwa yameiva. Kwa hiyo jirani alikuwa na nusu ya ukweli, kiasi ambacho kwa uzoefu wangu huleta madhara zaidi kuliko uongo mzima.

Jioni mwanangu alimpigia simu mchumba wake, kisha akanifuata jikoni.

"Anasema samaki alowekwe usiku kucha, achemshwe, maji yamwagwe, kisha achemshwe tena."

"Amewahi kufanya hivyo yeye mwenyewe?"

"Hapana. Ameambiwa na bibi yake."

"Kwa hiyo wewe unaniambia kwamba yeye amekuambia kwamba bibi alimwambia."

"Baba, ni samaki tu."

"Ndivyo wanavyoanza washtakiwa wote."

Nilitupilia mbali maelezo hayo. Nimekulia kwenye nyumba iliyokula ng'onda na papa mkavu juma zima. Mama yangu aliwaosha, akawakatakata, akawatia kwenye tui la nazi, na hapakuwa na samaki aliyelazwa ndani ya beseni kama mgonjwa. Samaki mkavu ni samaki mkavu. Hata hivyo, kwa kuwa mimi si mtu wa kuamini hata kumbukumbu zangu bila kuzipima, asubuhi ya Jumamosi nilimwosha samaki, nikanyofoa kipande cha ukingoni na kukionja. Chumvi yake ilistahimilika. Sikuzingatia kwamba ukingo ndio uliopitiwa na maji, na kwamba katikati ya mnofu ule mnene hapajawahi kufika tone.

Nilimkaanga pamoja na vitunguu, nyanya na pilipili. Ndege iliyokuwa ikitua uwanja wa Pearson ilipita juu yetu, na king'ora cha moshi kikaitikia. Mwanangu alipanda kitini akikipepea kwa gazeti langu. Nilipoonja tena, ulimi wangu uliganda. Ilikuwa kama kulamba ukuta wa chumba cha kuhifadhia chumvi.

Saa ya wageni ilikuwa imekaribia. Nilifanya jambo ambalo mtu yeyote wa Tanga angelifanya: nilifungua kopo la tui la nazi nikalimimina lote. Kisha nikatia aki, nikakoroga kwa nguvu ili tui lienee. Aki ile laini ilisagika yote. Kilichobaki sufuriani kilikuwa uji mzito wa manjano wenye vipande vya samaki ndani yake.

Bibi, aliyefuatana na mjukuu wake, alifika amevaa kofia ya kanisani na koti lililomzidi kimo. Aliikagua sebule, akapitisha kidole juu ya rafu ya vitabu, akakitazama kidole. Tukaketi. Niliwapakulia ndizi mbichi za kuchemsha na ule uji pembeni. Alitia kijiko kimoja kinywani, akatafuna taratibu, akanywa maji, akanywa tena.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Aki na samaki wa chumvi, mama."

"Sikukuuliza ulikusudia nini."

Mjukuu wake aliinamia sahani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Na hiki ndicho unachopika kila Jumamosi?"

Mwanangu alinitazama kama mshtakiwa anavyomtazama wakili wake. Bahati mbaya mimi sikuwahi kuwa wakili.

"Hapana," nilijibu. "Nimekipika leo kwa mara ya kwanza."

Bibi alimgeukia mwanangu. "Mbona ulinidanganya?"

"Niliogopa, Bibi."

"Ulimwogopa nani?"

"Wewe."

Jibu hilo halikumchukiza hata kidogo. Alinirudia mimi. "Bwana, mjukuu wangu anafanya kazi siku nzima, na hajui hata kuchemsha ndizi. Nilikuja kujua kama atakuwa mtumishi wa wanaume wawili. Mwanao anajua kupika?"

Nilifikiri kabla ya kujibu. Ndoa ya mwanangu ilikuwa juu ya ulimi wangu, na ulimi wenyewe ulikuwa bado unawaka chumvi.

"Anapika wali na maharage. Nimemwona kwa macho yangu."

"Vizuri?"

"Hapana. Lakini huosha vyombo na kufua nguo bila kuambiwa, tangu mama yake alipougua. Hilo naweza kulithibitisha."

Bibi akaisukuma sahani yake hadi mbele ya mwanangu.

"Maliza."

Mwanangu alikula. Alikula ya bibi, akala na yake, macho yakimtoka machozi, nami nikimjazia maji glasi baada ya glasi. Hakuacha kitu. Bibi alimwangalia hadi kijiko cha mwisho, kisha akamwambia mjukuu wake, "Iwe majira ya joto. Sitaki kuvaa koti harusini."

Nikamuuliza kama ninaruhusiwa kuichukulia kauli hiyo kuwa ridhaa.

"Ichukulie upendavyo, bwana," alisema, "ila jikoni siku hiyo usikanyage."