Alipokalia Baba Mkwe

Mwanamke anayetunza vyoo vya stendi ya Kasumulu humpa kila msafiri karatasi ya kufunikia kiti cha choo kwa mikono miwili, magoti kayakunja, utadhani anaandalia wageni chakula. Msafiri akitoka, huingia mwenyewe, akaitupa ile karatasi, akasugua, akatoka akiimba kwa chini. Atuganile, mchuuzi wa mchele wa Ipinda hapo stendi, hajawahi kumwona akikunja uso kwa uchafu wa mtu.

Leo mama huyo alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka bombani wakati mzee mmoja alipotoka chooni, akapita haraka bila kuinua macho. Loo! Ndoo ilimponyoka, akajifunika khanga usoni, akageukia ukuta.

“Mama, kulikoni?” Atuganile alimuuliza.

“Baba mkwe wangu yule! Kwa mila zetu, mkwe hata njia moja hatupishani, leo nishike alipokalia? Dada, nisaidie.”

Atuganile alipigwa na butwaa, lakini akavaa glovu, akaingia. Mlangoni akaganda. Sakafu ilikuwa imedekiwa, kiti kimesuguliwa kinang'aa, na juu yake imetandikwa karatasi mpya.

Ndipo alipoikumbuka mikono ya shati la mzee: ilikuwa imelowa mpaka viwikoni.