Sketi Niliyoagizwa Kuvaa

Siku ya kwanza kuripoti kazini, nikiwa ofisa mifugo wa kata ya Mwamapalala, mkuu wa idara hakutazama vyeti vyangu. Alitazama suruali.

"Mwamapalala utavaa sketi," alisema. "Wazee wakilalamika hata mara moja, nakuhamisha."

Sikubisha. Mume wangu alikuwa mwalimu hukohuko Mwamapalala, na mwanetu alikuwa bado ananyonya. Kuhamishwa kulimaanisha kutengana. Tena nakiri, sketi nilizipenda. Jumapili nikivaa yangu ya marinda nilijiona mwanamke kwelikweli, natembea kwa madaha.

Kazini ilikuwa balaa. Kuogesha ng'ombe joshoni kwa dawa ya kupe, kuchanja, kupanda pikipiki: mkono mmoja kazini, mwingine umeshika pindo. Nilijisikia mjinga tu.

Asubuhi moja niliitwa kwa mzee ambaye ng'ombe wake alishindwa kuzaa. Miguu ya ndama ilikuwa imetokeza, kichwa kimegeukia nyuma. Hapo lazima umrudishe ndama ndani kidogo, ndipo ukinyooshe kichwa. Nilipiga goti, nikakanyaga sketi, nikaanguka. Wanaume waliokuja kutazama wakacheka. Ng'ombe alikuwa anaishiwa nguvu.

Mke wa mzee aliingia zizini bila kuitwa.

"Simama, mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma.

Alipitisha pindo katikati ya miguu yangu akalichomeka kiunoni, kama tunavyojifunga tukipandikiza mpunga majarubani.

"Mapaja nje namna hiyo?" mzee akauliza.

"Wewe tazama ng'ombe wako," mkewe akamjibu.

Kichwa kilinyooka. Nikafunga kamba miguuni mwa ndama, mama yule akanikamata kiuno, tukavuta. Ndama akatoka anapumua. Nimelowa damu na mavi hadi begani, nilijisikia mwanamke kuliko Jumapili yoyote.

Malalamiko ya mzee yalifika ofisini kesho yake. Mkuu alitaka niombe radhi, niahidi sketi yenye heshima. Nilikataa, nikaenda kazini na suruali. Wiki hiyohiyo nikapewa barua ya uhamisho kwenda Kalemela, mbali; nikaenda na mtoto, mume wangu akabaki.

Sasa nimestaafu. Mabinti wa kazi hii huniuliza kama sketi humfanya mwanamke ajisikie mwanamke zaidi. Mimi ndiyo, nikiichagua mwenyewe. Hata leo nimevaa ya kitenge na najiona mrembo. Lakini kwa ajili ya ile ya kuagizwa, mwanetu alianza kutembea baba yake hayupo, na hilo sijamsamehe mtu.