Maswali Matatu ya Dada Espe

Tangu juzi nimefungua jina lake kwenye WhatsApp mara tatu ili nimpe habari za msiba. Halafu nakumbuka msiba ni wake.

Wengi wenu hapa Yeoville, Johannesburg, mlimjua Dada Espe wa Uvira, Kongo, kwa cherehani yake. Wachache mnajua kwamba tangu 2016 alikuwa pia mtunza vifaa wa timu ya lakrosi ya wasichana, kwenye sekondari anayosoma binti yangu Neema.

Lakrosi ni ule mchezo wa fimbo yenye kikapu cha wavu mwishoni. Mpira wake ni mdogo, wa raba, mgumu kama jiwe. Walimwita ashone nyavu zilizochanika, wakaona jicho lake, wakambakiza.

Siku ya kwanza aliniudhi. Nilikuwa nimemsuka Neema saa nne nzima, shanga kila ncha. Dada Espe akazitoa moja moja kabla ya mechi, akazifunga kwenye mfuko wa mkate, akaandika jina juu yake. "Mama Neema, kitu kigumu mu nywele, apana. Ni sheria."

Kinga ya meno nyeupe alikuwa anairudisha. Lazima iwe na rangi, refa aione kutoka mbali. Mtoto aliyesahau ya kwake alichelewa kuingia, hata kama kocha anapiga kelele.

Jambo moja halikuwahi kuniingia akilini. Wavulana wanavaa helmeti na glavu, wasichana miwani ya kinga na ile ya meno tu, eti kwa sababu wao hawaruhusiwi kugongana. Nikamuuliza, "Sasa mpira ukija, unajua huyu ni msichana?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Sheria sikuandika miye. Miye naangalia tu."

Tuligombana mara moja, na ulikuwa ugomvi mkubwa. Neema aligongwa siku ambayo watu wa basari, wale wanaolipia wachezaji masomo, walikuja kuangalia wachezaji. Aliinuka, akasema yuko fit. Dada Espe akamwita kocha, akamtoa mtoto wangu nje. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Daktari alimpumzisha Neema wiki moja. Mimi nilinuna mbili.

Aliyevunja ukimya ni yeye. Alikuja saluni kwangu nimsuke, akatoa karatasi ya timu iliyokunjwa mara nne, akaanza kunisomea kuhusu mtikisiko wa ubongo huku kichwa chake kiko mikononi mwangu. Maswali yalikuwa matatu. Leo ni siku gani? Tunacheza na nani? Nani alifunga bao la mwisho? Mtu akijikwaa kwenye jibu, au akiuliza jambo lile lile mara mbili, anatoka, anapelekwa kwa daktari, na haachwi peke yake.

Toka siku hiyo akawa ananipima. Katikati ya Rockey Street, nimebeba nyanya, naulizwa nani alifunga bao la mwisho. Nikikosea ananicheka mbele za watu.

Jumamosi iliyopita wasichana walikuwa wanapasha misuli moto, yeye ameinamia begi la vifaa nje ya mstari. Mpira mmoja ukapita goli ukampiga juu ya sikio. Hakuna aliyekusudia, na aliyerusha bado ni mtoto. Tafadhali msimtafute.

Alikaa kwenye nyasi kidogo, akacheka. "Eish, niko sharp." Kocha akampa barafu, akasema kama hujisikii vizuri tuambie. Mechi ikaanza. Karatasi yote ile inahusu wachezaji, na yeye hakuwa mchezaji. Hakuna aliyemtoa. Hata mimi.

Kwenye teksi ya kurudi nyumbani akaniuliza nani alifunga la mwisho. Nikasema Neema, nikajisikia fahari. Tulipofika robot, kwenye taa za barabarani, akaniuliza tena. Nikamwambia, "Umeshaanza mtihani wako." Nilidhani ananipima. Wallahi nilidhani ananipima.

Akatabasamu tu.

Mlangoni kwake ilikuwa saa kumi, jua bado kali. "Kichwa inaniuma kidogo. Acha nijinyooshe." Nikamtania, "Saa kumi hii? Haya mama, lala salama." Akafunga mlango.

Jumapili hakutokea kwaya. Majirani walivunja kitasa.

Daktari alisema damu ilivujia ndani ya kichwa. Nikamuuliza, ningemleta saa kumi ile, je? Akasema labda. Nimeligeuza hilo neno siku tatu sasa. Kuna wakati linanihukumu, kuna wakati linaniachia. Sijui nishike lipi. Mwenye kujua alikuwa yeye, na yeye ndiye aliyepigwa.

Neema Kiswahili anasikia tu, kuongea anakwepa. Jana usiku alikuja kitandani kwangu akajaribu. "Mama, ulimuuliza zile maswali?"

Nikamvutia blanketi. Naandika hapa kwa sababu sikumjibu.

Sikukuuliza, dada. Nilikuwa nayajua yote matatu kwa moyo.

Kocha amenipa aproni yako. Mfukoni kuna kinga ya meno ya bluu, mpya, haijafunguliwa, na karatasi ile iliyokunjwa mara nne. Wazazi wenzangu, nitaisoma kwa sauti kabla ya kila mechi, na walio nje ya mstari nao wataulizwa.

Leo ni Jumatano, Dada Espe. Hatuchezi na mtu, wasichana wamesimamisha mazoezi kwa ajili yako. Bao la mwisho alifunga Neema.

Watu wote hapa chini watakuandikia lile neno la kuagana. Mimi unisamehe, siliandiki. Nilishakuambia Jumamosi, saa kumi, mlangoni kwako, nikicheka.