Z Iliyogeuka

Jumatatu ile nilishuka kijijini kwetu Mkiwa na mifuko mitatu ya salfeti, kamba ya katani, kopo la rangi nyeupe, na hasira. Hasira ilikuwa ya mdogo wangu wa Mwanza, aliyenipigia simu nikiwa bado kwenye basi kuniambia kwamba yeye hajakataa nyumba ya wazazi iuzwe, ila anaona tungoje kidogo. Tungoje nini? Hilo hakusema. Huu ulikuwa mwaka wa tatu anaona tungoje kidogo.

Mimi nilikuwa nimemaliza kungoja. Mama yetu alikuwa anaishi peke yake hatua chache tu kutoka barabara kuu, macho yake yameliwa na ile presha ya macho, na kila alichokipenda kilikuwa ng'ambo ya barabara: bomba la maji, kanisa, na wenzake wanaouza vitunguu na mafuta ya alizeti kwa wasafiri. Mwezi uliotangulia dereva wa lori alimrudisha nyumbani kwa kumshika mkono. Jirani aliniambia lori lilifungwa breki hadi matairi yakatoa moshi, na kwamba dereva alikuwa anatetemeka kuliko mama. Mama alimpa mayai manne akamwambia aendeshe taratibu.

Siku niliposikia habari hiyo niliapa kwamba mvua za mwaka huu hazitamkuta mama Mkiwa. Nyumba ingeuzwa, na fedha yake ingemjengea vyumba viwili uani kwangu Singida mjini, mahali ambapo chombo kikubwa kinachopita ni mkokoteni wa maji. Mnunuzi nilishampata, mama mmoja fundi cherehani aliyetaka kufungua duka kando ya barabara. Karatasi za usimamizi wa mirathi nilizifuatilia mwenyewe mpaka soli za viatu zikaisha. Majirani walishakubali kuja kuonyesha mpaka wa minyaa. Kila aliyekuja kuiangalia nyumba aliuliza kwanza kama kuna kaburi uani, nami nilijibu hakuna, baba tulimzika kwao Kintinku. Jumamosi tungekutana ofisi ya kijiji tuandikiane. Kwa hiyo nilikuwa na siku tano.

Kilichobaki ni ukuta.

Kwenye ukuta wa mbele, kando ya mlango, kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu, ya namna ile inayoonekana kwenye nyumba nyingi nchini, kuwazuia matapeli wasimuuzie mtu nyumba ambayo mwenyewe yuko safarini. Yalisema nyumba hii haiuzwi. Ila aliyeandika hakupiga hesabu ya nafasi, akagonga fremu ya mlango kabla neno halijaisha, ikabidi ashuke chini. Mstari wa juu ulisomeka NYUMBA HII HAI. Wa chini ulikuwa na neno moja, UZWI, na Z yake ilikuwa imegeuka, inatazama ilikotoka.

Tuliyakuta maandishi hayo tuliporudi kutoka kwa bibi, likizo moja ya shule ya msingi. Tukayasoma yalivyo: nyumba hii hai, pumzika, uzwi. Kuanzia hapo uzwi likawa neno la kwetu. Uzwi ni kitu kisichotoka. Firigisi ya kuku ilikuwa uzwi ya baba. Mtetea mmoja mweusi alikuwa uzwi ya mama mpaka akafa kwa uzee, jambo ambalo kuku wachache wa Singida wamejaliwa. Na mdogo wangu, mtu mzima mwenye mvi, bado alikuwa ananiambia kwenye simu, "Dada, ule ni wosia wa baba. Mzee aliandika ukutani kabisa ili tusije tukauza. Sasa wewe unataka kumfuta mzee?"

Nilitaka kumfuta, ndiyo. Jumatatu hiyohiyo, kabla sijanywa maji, nilipima vyumba kwa futi ya utepe, nikaandika. Jumanne asubuhi nikapaka ukuta mkono wa kwanza, na jioni mkono wa pili.

"Unapaka nini?" mama aliuliza kutoka ndani. Macho yalikuwa yamekufa lakini pua ilikuwa nzima.

"Ukuta, mama."

"Ukuta upi?"

Nikachovya brashi tena. Jumatano, jua lilipopanda, ile nyekundu ilikuwa imepenya nyeupe yangu. Ilikuwa imefifia, lakini mtu aliyekaa kwenye dirisha la basi angeisoma bila shida. Nilitukana kimoyomoyo, halafu nikaingia ndani kupanga vitu.

Mifuko yangu niliiandika KUUZA, KUGAWA na UZWI. Mama alikaa kwenye kigoda, mimi nampa kitu mkononi, anakipapasa, anatoa hukumu. Chekeche: uzwi. Kibuyu chenye ufa: uzwi. Sufuria la shughuli: uzwi, maana nani atapikia wageni? Kufikia saa sita mfuko wa UZWI ulikuwa umefura na mfuko wa KUUZA una birika moja linalovuja. Tulipofika kwenye jiwe la kusagia uwele, ambalo watu wawili hawaliinui bila kuugulia, mama aliweka mguu juu yake akasema na hilo ni uzwi.

"Mama, nani atalibeba?"

"Lililetwa na mtu."

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nilimwambia mama yangu mzazi maneno niliyojutia kabla hayajamaliza kutoka. Nilimwambia nimeacha kazi zangu, nimezunguka mahakamani na kwenye ofisi za watu kama mwombaji, halafu yeye ananichezea. "Si wewe mwenyewe ulisema uzeni?"

"Nilisema uzeni," alijibu. "Sikusema nauza."

Akaendelea kwa Kinyaturu, peke yake, kwa sauti ya chini, ile anayoitumia kuongea na kuku. Mimi nikachukua ndoo nikapiga deki chumba ambacho tayari kilikuwa kisafi. Nikikasirika napiga deki; wanangu wanajua, huwa wanainua miguu.

Alhamisi tulikuwa hatusemezani, isipokuwa shikamoo na marahaba. Nikavuta sanduku la bati lililokuwa mvunguni mwa kitanda chake. Ndani kulikuwa na kanga za harusi, kadi zetu za kliniki, na daftari la kisomo, lile alilosomea elimu ya watu wazima sisi tukiwa wadogo. Nililifungua nikitegemea kulicheka kidogo, kwa mapenzi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa irabu. Wa pili silabi. Wa tatu ulikuwa na maneno: maziwa, mzazi, mzigo, zawadi. Z zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, zilikuwa zimegeuka.

Nilikaa chini sakafuni.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Herufi iliyogeuka naiona nikiwa mlangoni, mtoto bado hajainua penseli. Na baba yetu alikuwa karani wa ghala, mwandiko wake umenyooka kuliko wangu. Miaka yote hiyo nimepita mbele ya ule ukuta, nimeucheka, nimetunga neno kutokana nao, na hata siku moja sikujiuliza Z ile aliitoa wapi karani. Niliona aibu kama mwalimu, na aibu kubwa zaidi kama mtoto.

Nilitoka uani. Mama alikuwa anachambua mlenda kwa vidole.

"Mama, yale ya ukutani uliandika wewe."

Hakuacha kuchambua. "Ni nani mwingine angeandika?"

"Sisi tulijua ni baba."

"Mlisema ni baba, nikawaacha. Mlimheshimu zaidi kwa ajili ya yale maandishi. Kuna hasara gani?"

Akanisimulia, kwa ufupi, kama mtu anayesimulia habari ya majirani. Baba alikuwa ameshikwa na tamaa ya kununua lori. Akamleta mtu. Wakaipima nyumba kwa hatua, chumba kwa chumba, wanampita yeye amesimama na ungo mkononi, na hakuna aliyemuuliza lolote. Baba alipomsindikiza mgeni hadi stendi, mama akachukua rangi iliyobaki ya milango na brashi, akaandika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika kitu nje ya daftari.

"Baba aliporudi akasemaje?"

"Alisoma. Akasimama pale kama amesahau kilichomleta. Halafu akasema, 'Hiyo Z umeigeuza.' Akaingia ndani, akaomba chai."

"Na lori?"

"Lori gani?" alisema mama, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona futi yangu ya utepe, imelala juu ya meza na namba zangu pembeni. Niliipima nyumba Jumatatu nikimpita yeye amekaa kwenye kigoda kilekile. Baba aliacha kumuuliza kwa sababu ya lori. Mimi niliacha kumuuliza kwa sababu ya upendo, na yeye aliyekuwa anapitwa aliona tofauti gani?

Nikavuta kigoda kingine nikakaa mbele yake. Nikamuuliza vizuri, kwa umoja, kama ilivyopaswa tangu mwanzo: "Mama, nyumba hii unaiuza au huiuzi?"

Alimaliza fungu la mlenda. Akakung'uta kanga. Kuku walikuja wakadonoa mabaki, wakaondoka, nami nikangoja, kazi ambayo sikuumbiwa.

"Lile lori nililisikia hapa," alisema, akajigusa kifua. "Upepo wake ulinivua kilemba. Naogopa barabara, mwanangu. Nikitaka kwenda bombani nasimama pale mpaka apite mtu nimdandie, nijifanye tunaongea. Sijamwambia mtu."

Nilimshika mkono. Ulikuwa unateleza kwa mlenda.

"Nauza," alisema. "Lakini kwa mkono wangu. Na ndugu yako usimwambie kitu. Mwite tu aje."

Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia mama anamtaka Jumamosi, na kwamba hili la sasa halingojeki. Alianza, "Dada, mimi naona..." nikakata simu.

Ijumaa mama aliomba kisu kikuukuu. Nilimpeleka ukutani, akapapasa lipu kwa vidole mpaka akaupata mstari wa chini. Rangi ile ilikuwa ya zamani na lipu ilikuwa imechoka, ikawa inabanduka vipande. Alianzia mwisho, kwenye I, akarudi nyuma. Nilitaka kumsaidia, alinisukuma kwa kiwiko. Kwenye Z alitulia, akafuata mchoro wake kwa kidole mara mbili, akakwangua. Vumbi jekundu likamjaa kwenye kanga. Ule mfuko wa UZWI tuliumwaga baada ya chakula tukaanza upya, na safari hii alibakisha kanga za harusi, mwiko wake, na daftari. Jiwe la kusagia alisema libaki kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba mtarajiwa, yule fundi cherehani, alipita jioni kuangalia. Alikuta mstari wa juu bado unaonekana chini ya nyeupe yangu, akausoma kwa sauti: "Nyumba hii hai." Nikaomba radhi, nikamwambia nitaongeza mkono wa tatu. Akasema hapana, asisumbuke mtu, yeye ataiacha hivyo. Mama alimwambia aangalie tu kenchi ya paa la chumba cha nyuma, ina mchwa.

Jumamosi mdogo wangu alifika na basi la asubuhi, amevaa koti, amejiandaa kwa hotuba. Alimsalimu mama kwa kupiga goti nusu, mimi akanipa mkono tu. Njiani kwenda ofisini alianza habari za wosia wa mzee, mama akamwambia, "Ngoja kidogo," na mimi nililazimika kutazama pembeni nisicheke.

Ofisini mtendaji wa kijiji alisoma karatasi yote, mipaka, mashahidi na majina yetu. Kisha akafungua kibweta cha wino wa mhuri, akakisogeza mbele ya mama kwa heshima. "Bibi, lete dole gumba hapa."

"Nipe kalamu," mama alisema.

Mtendaji alinitazama. Nikamwambia ampe kalamu.

Nilimwekea kidole chake pale penye nafasi. Jina la mama lina herufi sita, na moja ni Z. Aliandika polepole, ulimi umetoka nje kidogo kama watoto wangu wa darasa la kwanza, na mstari ulipanda mlima kwa sababu hakuwa anauona. Chumba kizima kilimngoja. Alipofika kwenye Z aliiandika ilivyokuwa kwenye daftari, na ilivyokuwa ukutani, inatazama ilikotoka.

"Bibi, hii Z imegeuka," alisema mtendaji. "Nikuletee karatasi nyingine?"

"Iache. Ndiyo yangu."

Mdogo wangu alikuwa ameinama kuangalia. Alibaki ameinama. Niliona anaitazama ile herufi, halafu anamtazama mama, halafu mimi, na hotuba yote ikamtoka usoni.

"Dada," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ile Z."

"Ndiyo."

Akavuta kiti, akakaa karibu na mama. Mama, ambaye hakumwona, alinyoosha kalamu upande aliosikia kiti kikiburuzwa. Mdogo wangu akaipokea kwa mikono miwili, akasaini sehemu ya shahidi.