Moto wa Kuomba kwa Mama Mbeho

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, Bibi yangu alipochota kata nzima ya maji ya kunywa akaimwaga juu ya moto wangu. Nasema wangu kwa sababu kazi niliyoijua duniani ilikuwa hiyo tu: kukaa karibu na moto nisiuache uzimike. Wenzangu wa rika moja walikuwa machungani, wengine walikwenda kutafuta kazi relini, wengine walishafika mpaka Kilosa wakarudi wakitembea kwa maringo. Mimi nilikuwa nimefika kwenye mafiga matatu, basi. Waliniita Paka wa Jivu, na sikukasirika sana, maana paka hulala pazuri.

Ilikuwa miaka ya Mjerumani, ile ya mwisho mwisho, vita ilipomfikia hata asiyejua inapiganiwa nini. Mvua ilitupita ikaenda kunyesha kwa wengine. Kile kidogo kilichoota, askari walikuja kukichukua tembe kwa tembe: nafaka, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Baba na mama waliswaga ng'ombe wetu wachache kuelekea Kondoa kutafuta malisho, nami nikaachwa nimlinde Bibi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu. Bibi alikuwa akiwaambia vingine.

Uwele wetu tuliuficha katika zizi la ndama, shimoni, chini ya samadi kavu. Mtu wa nje aliyejua alikuwa mmoja tu, jirani yetu Mama Mbeho, kwa kuwa ndiye aliyetusaidia kuchimba. Mimi nilikuwa naangalia moto.

Siku askari walipofika kwake hawakukuta hata punje. Wakamfunga mume wake kamba, wakamlaza uani, wakamwambia mkewe achague: nafaka au mume. Mama Mbeho akanyoosha kidole kwenye zizi letu. Wakaja, wakafukua, wakajaza magunia. Kisha wakamfungua yule mume, wakamtwika gunia la uwele wetu, wakaondoka naye. Hakurudi tena.

Sisi tulibakiwa na kilindo kimoja kidogo, lile pipa la gome la mti tulilowekea nafaka ndani ya nyumba. Askari waliingia, wakatazama huku na huku, wakatoka. Walidhani ni kigoda, kwa sababu nilikuwa nimekikalia. Nilikikalia kwa uvivu tu, mwanangu, lakini hiyo ndiyo siku pekee ambayo uvivu wangu uliitwa ushujaa.

Tangu siku hiyo Mama Mbeho hakutia mguu mlangoni kwetu. Nyinyi mnaonunua kiberiti sokoni Majengo mkarudishiwa na chenji hamwezi kujua uzito wa jambo hilo. Zamani moto uliombwa. Wako ukizimika, ulichukua kigae ukaenda kwa jirani, ukapewa makaa mawili juu ya majivu, na habari za jana juu yake. Watu wasioombana moto walikuwa kama watu waliofiwa kila mmoja na mwenzake.

Bibi alimpelekea uji mara moja. Mlango haukufunguliwa. Sauti ikatoka ndani: "Tumeshiba, Mama!" Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hajashiba tangu mwezi uliopita. Bibi akarudi na uji wake, nikaunywa mimi, nikasema moyoni kwamba haki imetendeka.

Jioni ile Bibi alikaa akisikiliza upande wa jirani.

"Jiwe lake halisagi," akasema.

"Acha lisisage," nikajibu. "Alituuza, Bibi. Malipo ni hapa hapa duniani."

"Na yule mtoto wake mdogo, yeye kauza nini?"

Nikasukuma kuni motoni.

"Juzi alikuwa analia sana. Jana akalia kidogo. Leo sijamsikia. Mume wangu, mtoto wa njaa akilia, mshukuru Mungu. Akinyamaza, kimbia."

Bibi aliniita mume wangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu, na aliponiita hivyo bila kucheka nilijua mambo ni mazito.

Basi ndipo ikaja asubuhi ya ile kata ya maji. Maji yenyewe ya kufuata mchangani kwenye korongo, unachimba mpaka unazama kiunoni, unasubiri yajikusanye kama machozi ya bahili. Chwaa! Moto ukalia, majivu yakaruka mpaka kwenye nyusi zangu. Nilipiga kelele kama niliyechomwa.

"Bibi! Umeuzima!"

"Naona. Macho bado ninayo. Sasa sisi hatuna moto. Chukua kigae uende ukaombe kwa Mama Mbeho."

"Kwa yule? Afadhali nife baridi."

"Kufa, lakini nenda kwanza."

Akaenda kwenye kilindo, akachota unga uliobaki, akagawa katikati na kujaza kibuyu. Nilitazama nusu ile ikiingia kibuyuni kama mtu anayetazama jino lake likienda. "Mkono mtupu haulambwi," akasema. "Mwambie Bibi kasema anayeomba moto asiende mikono mitupu. Hilo tu. La zizi usiliseme."

Nikaenda, uso umevimba kwa hasira. Nilibisha. Aliyefungua ni binti mkubwa, Mbeho, macho yameingia ndani. Nyuma yake mama alikuwa amekaa karibu na moto mdogo, ule wa kufukuzia baridi na fisi, na yule mdogo amelala mapajani mwake, ametulia kuliko mtoto anavyopaswa kutulia.

"Shikamoo, Mama. Nimetumwa moto."

Akanitazama kama niliyetoka kaburini. "Moto? Kwenu? Moto wenu mbona hauzimiki, na wewe umeuatamia kama kuku?"

"Umezimika."

"Umezimikaje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kuni zilikuwa mbichi. Lakini sikuwahi kuujua uongo. Hata shule niliyokuja kuisoma baadaye, mpaka ile ya juu, haikunifundisha. "Bibi ameuzima," nikasema.

"Ameuzima na nini?"

"Maji."

"Maji ya kunywa?"

"Ya kunywa."

Nikampa kibuyu na maneno ya Bibi. Akakitazama kibuyu. Akanitazama mimi na majivu yangu usoni. Nikadhani atanifukuza. Badala yake akacheka, kicheko kibaya, kikavu, ambacho katikati yake kikageuka kuwa kilio. "Yule mzee," akasema, "yule mzee amemwaga maji mwaka huu!" Kisha akajifuta, akainuka akiwa amembeba mtoto, akachagua makaa mwenyewe. Alinipa makubwa, mwanangu. Alinipa nusu ya moto wake. Mbeho alitia majivu kwenye kigae na kuyapuliza makaa yasife, akaniambia, "Shika chini, utaungua." Nikashika juu, nikaungua.

Kabla sijafika mlangoni kwetu nilisikia jiwe likisaga? Hapana, unga ulishasagwa. Nilisikia chungu kikiwekwa motoni. Na jua lilipopanda, yule mdogo akalia. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama ule.

Nilimwambia Bibi kwamba nimeharibu siri yake. "Ndiyo maana nilikutuma wewe," akasema. "Mjanja angedanganya, naye angebaki hajui kwamba nimeuzima kwa ajili yake."

Asubuhi iliyofuata Mama Mbeho alisimama mlangoni kwetu na kigae mkononi. Moto wake ulikuwa umezimika, akasema, na sote tulikuwa tunauona moshi ukipanda kwake. Chini ya kigae alishika fungu la mlenda pori. Akasema, "Walimfunga kamba, Mama."

"Niliiona kamba," Bibi akajibu. "Ningekuwa mimi ningewaonyesha na nyumba ya jumbe. Kaa uote moto."

Toka hapo mioto yetu ilikuwa ikizimikazimika ovyo, leo kwao, kesho kwetu, na kila kigae kilikwenda na kitu: majani, mizizi aliyoijua yeye, unga kidogo tuliokuwa nao sisi. Sisemi tulishiba. Nasema tulipoamka siku mvua ya kwanza iliponyesha, nyumba zote mbili zilikuwa na watu wale wale. Kwa hilo mimi sijamaliza kushukuru. Na Mbeho aliyepuliza makaa yale yuko hapa ndani ninapoandika, amezeeka nami, na bado hunikanya, "Shika chini."

Basi sikia, mwanangu. Dhiki ikija, kila mtu atakuwa na sababu nzuri ya kufunga mlango wake, nawe utakuwa nayo. Kupenda wakati wa shibe ni kama kuota jua, halikugharimu. Wakati wa njaa, upendo huchaguliwa, tena na mtu ambaye tumbo lake linampinga. Na yule aliyekukosea usimrushie msaada kama mfupa. Aibu imemfunga mikono, hawezi kupokea. Zima moto wako, ukamwombe wake. Mpe nafasi ya kukufaa, ndipo na yeye atakubali kufaliwa. Na kama huna akili za Bibi yangu, kama mimi nilivyokosa, basi angalau uwe mtu wa kutumwa: nenda, hata kama umenuna.

Mungu akujalie moto usiokosa mtu wa kuuomba. Na siku wako utakapozimika, maana utazimika, akujalie jirani wa kumbishia hodi, akufungulie, akupe makaa makubwa.