Mama Sanduku na Ijumaa ya Kuvunja

Pale Kiatamizi walimwita Mama Sanduku, na jina hilo hakulipenda hata kidogo. Alikuwa amefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi, ana shahada yake na mvi zake, na hakuzoea kuitwa kwa jina la chombo. Lakini katika jengo lile, ambalo zamani lilikuwa ghala la saruji na sasa limegawanywa vyumba kwa kuta za vioo ili kampuni changa za sayansi na teknolojia zipate pa kukulia, kila mtu aliitwa kwa alichobuni. Kijana wa chumba cha jirani, aliyetengeneza kifaa cha kupima rutuba ya shamba, alikuwa Bwana Udongo. Msimamizi wa kituo, aliyewatafutia vifaa, washauri na wateja, alikuwa Mlezi. Na kwa kuwa kiatamizi ni chombo cha kuangulia mayai, wote kwa pamoja walijiita vifaranga.

"Shikamoo, Mama Sanduku!" Bwana Udongo humpigia kelele kila asubuhi. "Kura zimehesabiwa?"

"Marahaba. Yako imeharibika," humjibu bila hata kugeuka, na kijana hucheka mpaka ashike ukuta.

Sanduku lenyewe halikuwa la kura. Lilikuwa la kubebea chanjo nyuma ya pikipiki, kutoka hospitali hadi zahanati za mbali, zisiharibiwe na joto njiani. Wazo lilikuwa la marehemu mumewe, fundi majokofu ambaye hakuwahi kustahimili kuona dawa nzima ikitupwa kwa sababu ya jua. Alipofariki aliacha michoro, na jina. Baba yake alikuwa seremala, na mtaani walisema kiti cha nyumba ile hakikuzeekei wewe, kinawazeekea wajukuu. Mjane akaweka chaki chini, akachukua michoro, akaomba chumba Kiatamizi, na juu ya kila kifuniko akabandika jina la ukoo. Kwa hiyo sanduku lake likianguka, halikuanguka peke yake. Lilianguka na baba mkwe, na mume, na watoto wake wanaoitwa kwa jina hilo darasani.

Sasa, Kiatamizi walikuwa na desturi yao. Hakuna kampuni iliyoruhusiwa kupeleka kitu kwa mteja kabla ya kupitia Ijumaa ya Kuvunja. Siku hiyo unakiweka kitu chako juu ya meza kubwa ya ukumbini, halafu majirani wanakivunja, kila mmoja kwa ufundi wake. Wewe unasimama dirishani kimya. Mwenye mali hana mdomo: haelezi, hajitetei, hasemi "ngoja kwanza". Kikivunjika, unarudi chumbani kwako ukajue kwa nini.

"Huo ni ufundi au ni uhuni?" aliuliza shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akikata mabati na kufunga bawaba za vifuniko. "Watoto wa watu walirushe jina la kaka ngazini, nawe umesimama kama picha?"

"Ndiyo sheria yao, shemeji."

"Haya. Basi tuwape la kurushwa."

Akatengeneza moja. Kwa nje lilifanana na wenzake kama mapacha, ila bawaba zake zilikuwa za chuma kinene na mpira wa mdomoni ulikuwa wa tabaka mbili. Mama Sanduku alipolinyanyua tu alihisi uzito, akaelewa. Hakuuliza. Alijiambia kwamba mtoto akivalishwa vizuri siku ya wageni, si bado ni mtoto yule yule?

Ijumaa ikafika. Walilirusha ngazini, likadunda. Bwana Udongo akalirukia kwa miguu yote miwili, akateleza yeye. Wakaliacha juani na kipimajoto ndani, walipolifungua baridi ikawapuliza usoni. Shemeji alisimama dirishani amefunga mikono kifuani, na kila lilipogonga sakafu alitabasamu kidogo.

"Kifaranga ameanguliwa!" Mlezi akatangaza. "Jumatatu hospitali wanakuja kuchukua masanduku ya kwanza. Hongera, Mama!"

Makofi yakapigwa. Mama Sanduku akashukuru kwa adabu, huku akitamani watawanyike upesi. Bwana Udongo ndiye aliyemfuata, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Mama, leo sikutanii. Dada yangu ni muuguzi, anapeleka chanjo kwa pikipiki njia ile ya makorongo. Yeye ndiye atakayebeba la kwanza. Huwa anaanguka, maskini, na akianguka wanatupa dawa yote, watoto wanarudi na mama zao mikono mitupu. Nimempigia sasa hivi. Nimemwambia, dada, anguka utakavyo, sanduku la Mama halina neno. Yuko njiani anakuja kuliona."

Mama Sanduku akatazama kupitia ukuta wa kioo. Chumbani kwake masanduku ya Jumatatu yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari, yote na bawaba zile nyembamba, yote na jina juu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, marehemu alipenda kusema. Na yeye mchana huu alikuwa amelitembeza lake mbele ya ukumbi mzima.

Akaingia chumbani, akachukua sanduku lililokuwa karibu na mlango. Shemeji akamzuia.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Mezani."

"Shemeji, tumeshapita! Utamwaibisha kaka kaburini?"

"Kaka yako hakuwahi kufunga jokofu bovu akalipaka rangi. Nipishe."

"Tunaweza kuzibadilisha bawaba kimya kimya..."

"Kabla ya Jumatatu? Zote? Na kama kuna ubovu mwingine ambao mimi na wewe hatuujui, nani atatuambia? Lile ulilotengeneza limewafunga macho." Akalainisha sauti kidogo. "Nami nililijua, baba. Si kosa lako peke yako. Nipishe tu."

Watu walikuwa bado ukumbini na vikombe vya chai. Akaliweka mezani.

"Lile mlilojaribu kulivunja mkashindwa lilitengenezwa kwa ajili yenu," alisema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kusoma matokeo ya mtihani. "Hili ndilo la hospitali. Livunjeni."

Mlezi akakuna kichwa. "Mama, unajua maana yake? Likivunjika, Jumatatu haipo."

"Najua."

"Na sheria ni ile ile. Huna mdomo."

Akaenda dirishani. Safari hii hakuna aliyecheka. Bwana Udongo alilibeba kama anabeba mtoto wa mtu, akalipandisha ngazi, akasitasita, akaliachia. Kabla halijafika chini bawaba ilichomoka, kifuniko kikaenda zake upande wa mlango, na jina la ukoo likalala sakafuni kifudifudi.

Mama Sanduku alisubiri aibu. Ilikuja kweli, ikampanda mpaka masikioni. Lakini wale vifaranga walikuwa tayari wamepiga magoti kuzunguka sanduku, wanashikashika kona, wanabishana kama mafundi.

"Skrubu hazina pa kung'ata," mmoja akasema. "Tazama hapa."

"Mficha uchi hazai," Mlezi akasema, akikiokota kifuniko na kumkabidhi kwa mikono miwili. "Nitawaambia hospitali wasubiri. Watanuna, ila watasubiri. Chumba chako ni chako."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Akavuta kiti, akakaa, akatoa bisibisi mfukoni. "Haya, nionyesheni hizo skrubu," akasema, bado amenuna.

Hapo ndipo muuguzi alipoingia, kofia ya pikipiki mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaona vipande sakafuni.

"Hili ndilo lisilo na neno?" akamuuliza kaka yake.

Bwana Udongo akainama kuokota bawaba. Mama Sanduku ndiye aliyemsogezea kiti.

"Karibu, binti yangu. Lina neno, tena kubwa, na wewe ndiye wa kutusaidia. Ukianguka, huangukia upande gani?"

Muuguzi akafikiri, kisha akacheka. "Kushoto, mama. Kila mara kushoto. Mguu wa kulia huwa kwenye breki."

Mama Sanduku akaligeuza sanduku juu ya meza, akatazama bawaba zilikokuwa, upande ule ule wa kushoto, akamwomba shemeji bisibisi.