Koplo na Samaki wa Hajji

Enzi zetu pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, hakuna mtu mwenye akili timamu aliyemsemesha mbwa kwa Lhukonzo. Lhukonzo kilikuwa cha nyumbani, cha kuomba chakula na kugombana na ndugu zako. Kiingereza kilikuwa cha shule, na tulikiacha huko huko getini kila jioni. Kiswahili kilikuwa cha wanajeshi, cha wachuuzi wa soko la Mpondwe, na cha mbwa. Sababu haikuelezwa na hakuna aliyeiuliza. Ilijulikana tu kwamba mbwa, kama raia, husikia haraka zaidi akiamrishwa kwa Kiswahili.

Mliokulia kule mnakumbuka asubuhi za siku za soko: moshi wa kuni, kahawa iliyoanikwa kwenye turubai, na juu ya yote hayo harufu ya samaki wa Hajji. Hajji alikuwa jirani yetu, Mwislamu mpole mwenye lori la bluu. Alikuwa akipakia ngege, wale sato wa ziwani, kule Kahendero, anapita Katunguru kuongeza mzigo, kisha anakuja kuwatia chumvi na kuwaanika uani kwake wakingoja soko. Kati ya uwanja wake na wetu palikuwa na ua wa miti, na katika ua huo palikuwa na tundu la kumtosha mbwa mmoja.

Mbwa huyo alikuwa wetu. Alikuwa na rangi ya matope makavu. Sikio lake moja lilisimama, la pili lilishakata tamaa. Hakuwa na jina. Tulimwita Mbwa, naye aliitika pale tu alipokuwa hana shughuli nyingine.

"Baba Masika," Hajji alisema asubuhi moja akiwa amesimama kwenye ua, ameshika mkia wa samaki usio na samaki. "Mbwa yenu imekula tena. Mimi sina ubaya na mbwa. Lakini hii samaki iko ya kuuza, haiko ya sadaka."

Baba alikuwa mnunuzi wa kahawa, na watu wa biashara huoneana aibu. Jioni ile alituita mimi na dada yangu mkubwa, Masika. "Likizo ikiisha na huyu bado ni mwizi," alisema, "anakwenda Mahango kwa baba yenu mdogo. Huko atafukuza nyani."

Masika aliona ni sawa. Mimi sikulala. Nyani wa Mahango walisifika kwa ukosefu wa adabu. Ilisemekana walikuwa wakiwapiga mbwa makofi. Je, wakimpiga kwenye lile sikio zima? Je, akisahau Kiswahili huko mlimani, nani atamwelewa akirudi? Je, baba mdogo akimpenda? Hilo la mwisho lilinitisha kuliko nyani.

Kesho yake nikaenda kwa Afande. Afande alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyelinda stoo ya kahawa jirani yetu, mzee aliyepiga pasi hata soksi. Alimzunguka mbwa wetu kama anakagua gwaride.

"Jina?"

"Hana, Afande."

"Sasa iko Koplo. Mimi nilitoka jeshini sajini. Mbwa haiwezi kunipita."

Mafunzo yakaanza. Kila mama alipopika samaki, mimi niliomba kichwa, na Masika akanuna kwa kuwa kichwa kilikuwa haki ya mkubwa. Kichwa kilifungwa kamba, kikawekwa chini mbele ya Koplo. Unasema "Kaa!" anakaa. Unasema "Wacha!" anaacha. Unangoja. Unangoja tena, mpaka wewe mwenyewe unatamani kile kichwa. Ndipo unasema "Kula!"

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Kwa kweli, siku za mwanzo Koplo alikula kichwa, akala kamba iliyokifunga, akalala.

"Mumbere," Masika alicheka akiwa amekaa kwenye kizingiti, "unafundisha mbwa au mbwa anakufundisha wewe? Mbona wewe ndiye umetoa ulimi?"

"Sauti yako iko ya kuomba!" Afande alinifokea. "Unaomba mbwa? Kuomba, enda kwa padri. Mbwa unaambia! Sikiliza mimi. KAA!"

Koplo akakaa. Masika, ambaye alikuwa ameshasimama kwenda kisimani, naye akakaa, kwenye ndoo. Siku nyingine Afande alipiga kelele "SIMAMA!" na mwendesha boda aliyekuwa akipita barabarani akafunga breki, akashusha abiria, akaanza kutafuta leseni yake. Afande hakumwambia aende mpaka alipoikagua.

Polepole sauti yangu ikapata mifupa. Likizo ilipokaribia kuisha, Koplo aliweza kukaa mbele ya kichwa cha samaki huku machozi yakimlengalenga, na asiguse. Afande akatangaza kwamba mwanafunzi yuko tayari. Hajji akakubali kutoa samaki mmoja kwa mtihani, tena ngege mzima, akamweka juu ya jani la mgomba katikati ya uwanja wake. Baba ndiye angeamua. Afande alisimama kwenye ua kifua mbele, kama vile rais anapita.

"Kaa," nikasema. Koplo akakaa. "Wacha."

Akaacha. Nzi akatua juu ya samaki, akahamia kwenye pua ya Koplo, akarudi kwa samaki. Koplo hakutikisika. Mate yalimdondoka mpaka yakafanya kijito, lakini makalio yalibaki chini. Mimi nilikuwa nimeshawazia kila balaa linaloweza kutokea: paka, mvua, kuku, Masika kupiga chafya. Baba alikuwa bado anapima kahawa ya mtu, na kila alipochelewa nilizidi kuongeza balaa jipya kwenye hesabu.

Hatimaye baba akaingia kwa mlango wa mbele. Jamani, mnamjua Hajji. Hapakuwa na mtu aliyeweza kukanyaga uwanja wake bila kukaribishwa, hata angekuwa amekuja kumkamata. Mkewe alikuwa anakaanga samaki kando. Hajji akafungua mikono yote miwili.

"Aa, Baba Masika! Karibu, karibu! Kula samaki!"

Koplo akainuka, akamchukua yule ngege kwa kichwa, na kwa heshima zote akammeza.

Baba alitikisa kichwa. "Haya. Mmeona wenyewe. Mahango."

Mimi sikuwahi kumjibu baba. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe. "Aliambiwa."

"Aliambiwa na nani?"

Sote tukamgeukia Hajji, ambaye mikono yake ilikuwa bado imefunguka.

"Mzee," Afande alisema kutoka kwenye ua, "samaki iko ya nani? Ya Hajji. Kula, nani alisema? Hajji. Koplo alipata amri kwa mwenye mali. Kama munafunga mutu, mufunge Hajji!"

Hajji alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akaiokota, akamtazama Koplo kwa jicho jipya, jicho la mfanyabiashara.

"Hii mbwa ilikaa na samaki puani, ikangoja mwenyewe aseme. Watoto yangu hawangoji. Turniboi wangu wa kupakia lori hangoji, yeye anakula mzigo tangu Katunguru. Baba Masika, nyumbani kwangu mbwa haingii. Lakini kulinda mali, hiyo dini yetu inaruhusu. Nipatie."

"Mchukue," baba alisema, kabla hata neno la Hajji halijatua.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kushindwa kwa namna zote. Kwa kufaulu sikuwa na mpango wowote. Asubuhi iliyofuata Koplo aliondoka juu ya turubai la lori la bluu, kwenda kuishi na mzigo kule ziwani. Hakugeuka nyuma kunitazama, alikuwa kazini. Siku za soko nilikuwa nakimbia barabarani nikipiga kelele "Koplo!" Alikuwa akisimama, anatikisa mkia, lakini kabla ya kushuka anamtazama Hajji kwanza.

Siku hizi nipo Kasese na shahada yangu, naishi na binamu yangu mdogo ambaye mbwa wake ana sweta na sabuni yake mwenyewe. Binamu humbembeleza kwa Kiingereza cha kitandani, "pliiz, bebi," huku akimpiga picha, na mbwa anamwangalia, anapanda kochi, analala. Wala sithubutu kumshauri. Nimeandika barua za maombi ya kazi za kutosha kujua kwamba hata mimi nimerudia sauti ya kuomba.

Na kwa kuwa sina la kufanya, nawaza. Kama Koplo angemla yule samaki mapema, bila kuambiwa, angepelekwa Mahango, na Mahango tulikwenda kila Krismasi. Ningemkuta huko, amepigwa makofi na nyani, mwizi kamili, na angenikimbilia mimi kwanza. Mimi ndiye niliyemfundisha kutonikimbilia. Lakini walau ilikuwa enzi ambayo aliyefaulu alifuatwa nyumbani kesho yake asubuhi, hata kama ni mbwa. Siku hizi tunafaulu, tunarudi nyumbani, na hakuna lori.